Okidi za Kyela na Sindano ya Tumpe

Vijana wa kitalu mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Mmeniomba kwa adabu, mkaniletea na daftari jipya, kana kwamba mtu akistaafu hata karatasi humkimbia. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Hayo mtayapata kwenye hotuba za kuagana, ambazo aghalabu husomwa na mtu aliyeuliza jina lako dakika tano kabla ya kusimama. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa nilipata vichache na vyote vilichelewa. Mishahara sitaitaja kwa kuwa nina heshima zangu. Nitawaandikia habari za okidi, kwa sababu kila nikisema Kyela iliwahi kuwa na shamba la okidi mnatazamana na kucheka, na kwa sababu humo ndimo lilimo jambo pekee la kazi yangu ninaloona aibu nalo.

Nilianza kwenye kituo cha serikali cha miche ya kakao, nikitokea Mwaya, nimevaa viatu vya dada yangu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Gwakisa, fundi wa maabara aliyejifunzia kazi kwenye mashamba ya chai huko Rungwe, mtu mwembamba, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza hakuniuliza hata nimelalaje. Alinikalisha mbele ya mizani, akanipa punje moja ya mpunga, akaniambia niipime mara tatu na kuandika. Nikaandika majibu matatu yanayofanana kabisa, nikamkabidhi karatasi kwa majivuno. Akaisoma, akasema kwamba tangu aifahamu mizani ile haijawahi kutoa majibu matatu yanayofanana, kwa hiyo ama mizani imepona usiku wa kuamkia leo, ama mimi ni mwongo. Akanirudishia punje.

Hiyo ndiyo shule yote niliyosoma. Mizani yenyewe ilikuwa ya shaba, ya mikono miwili, ndani ya kisanduku cha kioo. Upepo wa ziwani ukipenya tu inaanza kucheza, basi tulipima milango imefungwa, na mnalijua joto la Kyela lilivyo mwezi wa kumi na mbili. Jasho likidondokea kwenye sahani, unaanza upya. Mzee Gwakisa alipiga marufuku maneno mawili maabara: "kidogo" na "kiasi". Ukisema umeweka dawa kidogo, anakuuliza kidogo cha nani.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Mitumba ikajaa sokoni, maduka ya Mbugani yakawa na sabuni za rangi ambazo hatukuzijua, na kituo chetu tukaambiwa kwamba serikali inajitoa. Ilijitoa kweli, ikajitoa pamoja na jokofu, gari na bati za upande mmoja. Kilichobaki ni kibao cha barabarani na sisi watu wachache tuliokuwa tukifika kila asubuhi kwa mazoea. Ndipo alipokuja Mkurugenzi.

Jina lake sitaliandika. Alitoka Dar na begi la ngozi lenye picha za maua. Alikuwa amekodi eneo kwenye njia ya kwenda Ngonga, na alitaka kulima okidi za kuuza kwenye mahoteli makubwa, na baadaye Ulaya. Alikuwa na Mtaalamu wake, kijana aliyesomea nje, ambaye kila sentensi aliianza kwa "kitaalamu". Kitaalamu, alisema, okidi ni ua la nchi za joto. Kyela ni joto. Kwa hiyo Kyela ni ya okidi. Mzee Gwakisa akamwuliza kama amewahi kulala Kyela. Alikuwa amelala usiku mmoja tu, tena Tukuyu, kwa kuwa alisikia huku chini kuna mbu.

Tuliajiriwa, mimi na Mzee na watu wengine kama arobaini, wengi wao akina mama wa Ngonga waliokuwa wakilima mpunga. Tukajenga banda la mianzi na wavu mweusi wa kuzuia jua. Miche ikaja kwa maelfu, ile aina yenye majani mapana na maua yanayofanana na vipepeo, imefungwa kwenye katoni kama vifaranga. Tukaipanda kwenye magome ya miti na mkaa. Ikapenda. Ikatoa majani, ikatoa mizizi minene ya kijani iliyotambaa nje ya vyungu, ikanenepa kila mmea ukapendeza. Wageni walipokuja, Mkurugenzi aliwatembeza katikati ya safu akisema "hizi karibu zinachanua". Alisema hivyo mwaka mzima. Ua hata moja halikuonekana.

Ninyi mmesoma, mnalijua hili, lakini sisi tulilijua kwa kuumia. Okidi ya aina ile hukua vizuri kwenye joto, ila ili itoe kikonyo cha maua inataka wiki chache za ubaridi, hasa usiku. Joto lisipopungua, ile homoni inayoitwa jiberelini hupungua ndani ya mmea, na chipukizi ambalo lingekuwa kikonyo hulala tu chini ya jani, halifi wala haliamki. Kyela usiku ni joto, asubuhi joto, mvua ikinyesha ni joto lenye maji. Mzee Gwakisa alishauri jambo ambalo hata mtoto angeliona: tuipandishe miche Rungwe ikakae mwezi mmoja kwenye baridi, kisha tuishushe. Safari ya saa mbili. Mkurugenzi akakataa. Vipeperushi vilishachapishwa vikisema "Okidi za Ufukwe wa Ziwa Nyasa", na hakutaka mgeni aje akute okidi ziko milimani na ufukweni pamebaki wavu. Kipeperushi kilishinda mmea. Nimefanya kazi miaka mingi, na nimeona kipeperushi kikishinda mara nyingi.

Basi Mtaalamu akaleta homoni. Ilikuja kwenye kichupa kidogo kama cha manukato, unga mweupe ambao ungeweza kuupuliza wote kwa kupiga chafya moja. Maelekezo yake yalikuwa tuukoroge kwenye ndoo ya maji na kumwagilia. Mzee Gwakisa akanitazama. Unga ule hauyeyuki kwenye maji ukiutia hivi hivi. Lazima uuyeyushe kwanza kwenye spiriti, matone machache, halafu ndipo uongeze maji polepole. Tulinunua spiriti Mbugani kwa Mzee Salum, mwenye duka aliyetoka Kilwa, naye akatuuliza kama siku hizi shamba la maua limefungua kilabu.

Mara ya kwanza tulipaka kwenye majani, kama alivyoagiza Mtaalamu. Hakuna kilichotokea, isipokuwa majani yalinuka spiriti. Mara ya pili tukachoma kwa sindano kwenye shina, kipimo alichotaja yeye. Hapo vikonyo vikatoka, virefu, vyembamba, vimelegea, na maua yake yalikuwa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikasahaulika kwenye beseni. Mtaalamu akayapiga picha na kuandika kwamba tumepata mafanikio. Mzee Gwakisa akayakata yote akayatupa kwenye shimo la mbolea.

Tukaanza upya kwa utaratibu wetu. Tukapunguza jiberelini hatua kwa hatua, safu kwa safu, kila safu na kibao chake. Tukaiongezea sitokinini, homoni nyingine, kwa kuwa Mzee alikuwa amesoma mahali kwamba hiyo hurekebisha umbo la ua. Na tukaacha safu moja bila kitu chochote, ya kulinganishia. Safu hiyo ilitugombanisha na Mkurugenzi majuma mawili. Alisema tunawanyima wengine dawa kwa uchoyo, na alipopita na wageni aliona haya kwamba ile haina maua. Nilimweleza kwamba kazi yake ni kutokuwa na maua. Alinitazama kama mtu aliyesikia mpishi akijivunia sufuria tupu.

Aliyechoma sindano alikuwa Tumpe. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama sita, mkulima wa mpunga wa Ngonga, ameachika, ana watoto wawili na mama mgonjwa. Kazi ile ndiyo iliyowalisha. Wote tulijaribu sindano na wote tuliharibu, Mtaalamu akiwa wa kwanza, kwa maana chipukizi ni dogo kuliko punje ya mtama na ukilitoboa vibaya limekufa. Tumpe hakuharibu hata moja. Alipiga magoti, akazuia pumzi, akachoma, akatoa. Na alikuwa na utaratibu aliobuni mwenyewe: kabla ya kuchoma alifunga uzi mwekundu kwenye chungu, ili mmea usichomwe mara mbili. Ni yeye aliyefikiria hilo. Mtaalamu aliliandika kwenye ripoti kama "mfumo wa utambuzi".

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima na kuchanganya. Kila asubuhi nilimkabidhi Tumpe chupa yenye kiasi kamili cha siku hiyo, nikaandika kwenye daftari. Kila jioni alinirudishia iliyobaki, nikaipima, nikaandika. Chungu kwa chungu, tone kwa tone. Daftari lile lilikuwa safi kiasi kwamba Mzee Gwakisa hakuwa na la kusema, na yeye akikosa la kusema ujue umesifiwa.

Na okidi zikachanua, katikati ya joto la Kyela. Vikonyo vilivyonyooka, maua meupe mapana, yamekaa vizuri upande huu na huu. Akina mama waliacha kazi wakaja kusimama tu. Safu ya kulinganishia iliendelea na majani yake, nami siku hiyo niliipenda kuliko zote. Sikatai, nililia kidogo, na Mzee Gwakisa akaniambia nisiangushe machozi kwenye vyungu kwa kuwa yana chumvi.

Sasa nawaomba msome hapa polepole, kwa sababu ndipo tulipofanya kosa ambalo lisingefanywa na mtu yeyote duniani ila sisi.

Shehena ya kwanza ilikuwa inakwenda hoteli moja kubwa Dar. Tulikata vikonyo alfajiri, tukavitia ncha kwenye vichupa vya maji, tukavipanga kwenye maboksi, maboksi kwenye lori lenye bodi lililofungwa pande zote ili vumbi lisiingie. Lakini gari haliondoki Kyela kwenda Dar likiwa halina ndizi. Ninyi mnajua. Kila mtu ana shemeji Temeke, shangazi Tabata, na mtu akisikia gari linakwenda, kumwacha ndugu yake bila chane ya ndizi ni tusi ambalo litasimuliwa msibani. Dereva hakuwa na nafasi mbele, basi mikungu ikaingia nyuma pamoja na maua. Mingine ilikuwa imeshaanza kuwa ya njano. Siku mbili barabarani, mlango umefungwa.

Simu ya upepo ikaletwa kutoka posta: maua yamefika yamekufa. Siyo yamenyauka, yamejifunga, yamekunja mikono, yamekwajuka kama ya mwezi jana. Okidi iliyokatwa vizuri hukaa wiki na wiki. Mkurugenzi akapiga kelele siku nzima. Mtaalamu akasema kitaalamu ni joto la barabarani. Tukakubaliana tupakie tena, safari hii na majani ya migomba yaliyoloweshwa juu ya maboksi.

Na Mkurugenzi, mtu mwenye adabu akitaka, akasema huyu mwenye hoteli lazima tumwombe radhi. Apelekewe zawadi, ajue kwamba huku kuna watu. Zawadi gani? Ndizi. Nzuri kabisa, zilizoiva vizuri, azile siku hiyo hiyo. Nilichaguliwa mimi kuzitafuta. Nilizunguka Ngonga nzima. Nilipata mikungu sita, nikaivundika kwenye gunia la majani kama mama alivyonifundisha, ikaiva yote sawasawa, inanukia hadi barabarani. Nikaipanga kwa mikono yangu katikati ya maboksi ya okidi, ili isigongwegongwe. Laiti ningepeleka mchele. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima, na haujawahi kumwua mtu wala ua.

Shehena ya pili ikafika imekufa zaidi ya ile ya kwanza. Mwenye hoteli alisema ndizi zilikuwa tamu sana, na kwamba maua hayataki tena.

Mkurugenzi akaitisha kikao ofisini. Tulikuwa watano: yeye, Mtaalamu, Mzee Gwakisa, Tumpe na mimi. Mtaalamu alishajiandaa. Alisema kitaalamu jiberelini ikizidi huchosha ua, likaonekana zima shambani lakini likafa mapema. Kwa hiyo dawa ilizidi. Dawa inaweza kuzidi kwa njia mbili tu: imechanganywa kali, au mmea umechomwa mara mbili. Akanigeukia mimi, akaniuliza kama nilichanganya sawasawa. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Sikilizeni niwaeleze daftari langu lilikuwa linasema nini. Lilikuwa linasema kwamba kila jioni Tumpe alirudisha kiasi kile kile alichopaswa kurudisha. Angechoma hata safu moja mara mbili, chupa ingekauka kabla ya saa sita mchana. Ushahidi wote ulikuwa kwenye droo yangu, hatua kumi kutoka pale nilipokaa. Mzee Gwakisa akasema, "Daftari liletwe." Mkurugenzi akajibu kwamba haina haja, mpimaji mwenyewe amethibitisha. Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Kwa nini? Kwa sababu kama si sindano, ilibaki mizani. Kama si Tumpe, ningekuwa mimi. Nilikuwa nimepima sawa, najua nilipima sawa, lakini nilimwona Mtaalamu alivyo tayari kuhamisha kidole, nikaona afadhali kikae pale kilipo. Nimewacheka watu wengi katika kurasa hizi. Hakuna niliyemdharau kama mwanamke aliyekuwa amevaa koti langu jeupe la maabara mchana ule.

Ikaandikwa karatasi ya kumwachisha Tumpe kazi. Kwa upande wangu iliandikwa hivi tu, kwamba nathibitisha nilipima na kuchanganya dawa kwa usahihi. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilifaa sana kumzika mtu. Nikasaini. Tumpe akamwambia Mkurugenzi, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akakusanya nyuzi zake nyekundu zilizobaki mezani, akaondoka.

Mzee Gwakisa hakunisema. Kesho yake alinisalimia kama kawaida, akanipa kazi kama kawaida, ila tangu siku ile kila nilichokipima alikipima tena baada yangu. Hakuwahi kufanya hivyo hata nilipokuwa mgeni. Aliendelea hadi alipostaafu.

Kweli ilijitokeza yenyewe, bila kusaidiwa na mtaalamu yeyote. Siku tulipopakia shehena ya pili vilibaki vikonyo vichache visivyoingia kwenye boksi, nikavitia kwenye chupa dirishani mwa stoo na kuvisahau. Wiki tatu baadaye vilikuwa bado vinachanua. Mimea ile ile, dawa ile ile, sindano ile ile ya Tumpe. Nikasimama mbele ya chupa ile nikazihesabu siku upya. Nikachukua kikonyo kimoja nikaenda nacho kwenye chumba nilichopanga Mbugani, nikakiweka mezani. Chini ya meza nilikuwa nimevundika ndizi. Keshokutwa yake asubuhi yale maua yalikuwa yamejifunga, yamekunja mikono, rangi imepotea.

Nikachukua ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko. Moja ua na ndizi mbivu, moja ua peke yake. Nikarudia mara tatu, na majibu hayakuwa sawa kabisa, kwa hiyo nikayaamini: kila mara la ndizi lilikufa kwanza, mbali sana na mwenzake. Ndizi ikiiva hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo ni homoni ya mimea kama zile za kwenye kichupa, isipokuwa hainunuliwi. Ndizi moja mbivu huwaivisha wenzake kwa hewa hiyo, ndiyo maana tunavundika kwa kufunika. Kwa tunda ni kuiva, kwa ua ni kuzeeka. Kila bibi wa Kyela huitumia tangu hajaolewa. Tulikuwa na mtu aliyelipwa kwa kujua homoni, na tulizifungia okidi zetu siku mbili kwenye shimo la kuvundikia lenye magurudumu, tukaongeza na mikungu sita ya adabu.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi na ndoo zangu. Alisikiliza vizuri. Akaamuru kibao kiandikwe: NI MARUFUKU NDIZI NDANI YA GARI LA MAUA. Mtaalamu akasema kitaalamu alikuwa ameanza kushuku jambo hilo. Nikauliza habari ya Tumpe. Mkurugenzi akasema yule ameshaondoka, tukimrudisha itakuwa tumekiri kwamba tulikosea, na wageni watasikia. Nikasema sawa. Daftari bado lilikuwa kwenye droo. Sikulitoa, kwa sababu swali la kwanza lingekuwa: ulikuwa nalo siku ile?

Jumapili nilikwenda Ngonga baada ya kanisa. Nilimkuta Tumpe shambani kwa watu, anapandikiza mpunga kibarua, maji magotini. Nikamweleza yote kutoka ukingoni, ndizi, ndoo, kibao. Alisikiliza bila kuacha kupanda.

"Umemwambia habari ya ndizi," akasema. "Na habari ya daftari?"

Nikasema sikumwambia.

"Basi hukuja kwangu, dada Sekela. Umekuja kupumzika."

Akasogea mstari unaofuata. Nilisubiri pale hadi jua likawa kali, kisha nikarudi.

Shamba lile halikudumu. Hoteli haikurudi, vipeperushi viliisha, Mkurugenzi akahamia biashara ya magari, na Mtaalamu nasikia amekuwa mtu mkubwa. Wavu mweusi uligawanywa, mwingine hadi leo unakinga vifaranga huko Ngonga. Mimi nilirudi kwenye kakao, kwenye kitalu hiki mlichonikuta, nikapima hadi macho yakagoma. Mzee Gwakisa alikufa miaka mingi baadaye. Nilimzika pamoja na wanawe, na hatukuwahi kuizungumza siku ile.

Mtaniuliza mmejifunza nini hapa. Jiberelini yeyusheni kwenye spiriti kwanza. Acheni safu ya kulinganishia hata mwenye shamba akinuna. Maua msiyaweke na matunda. Hayo yapo kwenye vitabu vyenu na hamkunihitaji mimi. Kilichonihitaji ni hiki: Tumpe wa Ngonga hakuchoma mmea wowote mara mbili. Daftari lilionyesha hivyo, lilikuwa mikononi mwangu, na nilinyamaza ili nisiguswe. Yeye na watoto wake walilipia, mimi nikabaki na koti jeupe.

Nilipomaliza kuandika sikuyaleta kwenu kwanza. Nilipanda pikipiki hadi Ngonga. Tumpe ni bibi sasa, anasoma kwa miwani, na husoma polepole. Alikaa kwenye benchi la jikoni akasoma kurasa zote, akirudi nyuma mara kwa mara, mimi nimekaa mbele yake kama mtuhumiwa. Chai ilipoa. Alipofika mwisho aliligeuza daftari akatazama nyuma ya ukurasa, kisha akanirudishia.

"Hujasaini," akasema.

Nikamwambia kumbukumbu za kazini huwa hazisainiwi.

"Ile nyingine ulisaini."

Akaingia ndani, akatafuta kalamu ya mjukuu wake, akaniletea, akasimama hapo hapo hadi nilipomaliza kuandika jina langu lote.